Barua pepe zilizolundikana ni suala la afya

Hivi majuzi nilikaa kwa zaidi ya saa moja katika ofisi moja ya umma mjini Garissa, nikimsubiri afisa wa afya ambaye tulikuwa na miadi naye. Joto lilikuwa lile ambalo wenyeji wa mji huo wamelizoea na sisi wageni hatuachi kulilalamikia. Pangaboi lilizunguka kwa uvivu, na juu ya meza palikuwa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, rundo la majalada na kompyuta.

"Nipe dakika tano tu, napunguza barua," aliniambia bila kuinua uso.

Bila kukusudia, macho yangu yalitua kwenye kioo cha kompyuta hiyo. Pembeni mwa orodha palikuwa na tarakimu inayoonyesha idadi ya barua pepe ambazo hazijafunguliwa. Zilikuwa zaidi ya 11,000.

Nilipomtania kuhusu hesabu hiyo, daktari alicheka. (Kule kila mtu anayeshughulikia mambo ya afya huitwa daktari, awe ameshika sindano au kalamu tu.) Alisema nyingi ni za zamani, nyingine ni mialiko ya warsha zilizokwisha fanywa, na kwamba akianza kuzisoma zote atastaafu kabla hajafika katikati.

Kicheko hicho hakikudumu. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, kikoi kiunoni na fimbo mkononi, nguo zake zikiwa zimejaa vumbi la safari.

"Adeer, karibu uketi," daktari alimwambia, akitumia neno ambalo Wasomali humwitia baba mdogo na pia mzee yeyote wa kuheshimiwa.

Mzee hakuketi. Alisema ametoka upande wa Ijara na amesafiri kwa lori usiku kucha. Siku nne zilizotangulia, mpwa wake ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa amemwandikia daktari kwamba mbuzi wa boma lao wanaharibu mimba mmoja baada ya mwingine, na kwamba kijana anayewachunga ameshikwa na homa. Walikuwa wamengoja jibu wasilipate.

"Daktari, hiyo karatasi ilifika au haikufika?" aliuliza.

Ilikuwa imefika. Iliwachukua daktari na karani wake karibu dakika 20 kuipata, mimi nikiwa nimekaa kando nikitazama. Ilikuwa imebanwa kati ya mwaliko wa semina katika hoteli moja ya Naivasha na tangazo kuhusu mahali pa kuegesha magari ya ofisi. Kichwa chake kilikuwa neno moja tu, "Ripoti", na barua nyingine zenye kichwa hicho hicho zilikuwa tele juu yake na chini yake.

Almuradi, simu zilipigwa, maafisa wa mifugo wakatafuta gari, na siku chache baadaye nikaarifiwa kwamba ugonjwa wa mbuzi wale ulikuwa mwingine. Haukuwa ule ambao watu wote waliokuwemo chumbani mle waliufikiria na hakuna aliyethubutu kuutaja.

Ugonjwa huo ni homa ya Bonde la Ufa. Msomaji wa mjini huenda amelisikia jina hilo wakati bei ya nyama inapoyumba, kisha akalisahau. Mkazi wa Garissa hawezi kulisahau. Virusi vyake viligunduliwa nchini Kenya karibu na Ziwa Naivasha mnamo 1930 na 1931, kondoo walipokuwa wakifa kwa wingi katika shamba moja, lakini ni kaskazini mashariki ambako vimeacha makovu makubwa zaidi. Mayai ya mbu wanaovibeba huweza kukaa ardhini kwa miaka mingi, yakingoja mafuriko. Mvua ikizidi na mabwawa yakijaa, mbu huanguliwa kwa makundi, huwauma mifugo, na mifugo huanza kuharibu mimba na kufa. Baada ya hapo ni zamu ya binadamu: anayechinja, anayezalisha mnyama, anayegusa damu, au anayeumwa na mbu mwenyewe. Wengi hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache huharibika macho, wengine huvimba ubongo, na wengine hutokwa damu hadi kufa. Wafugaji wa Kisomali huuita ugonjwa huu sandik, jina linalotokana na pua kutoka damu, na walikuwa na jina hilo kabla ya daktari yeyote kutoka Nairobi kufika na chupa zake za kupimia.

Mnamo Desemba 1997, wakati wa mvua za El Niño, vifo 170 vya watu waliokuwa na homa ya kutokwa damu viliripotiwa katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa. Wataalamu waliofanya uchunguzi baadaye walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 katika wilaya hiyo pekee waliambukizwa. Watu wakaapa kwamba safari nyingine nchi haitakutwa imelala.

Kwa hakika kazi kubwa ilifanywa. Wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Assaf Anyamba, mwana wa Kenya anayesoma hali ya nchi kutoka kwenye picha za setilaiti, walitengeneza njia ya kutabiri ugonjwa huu kwa kuangalia joto la bahari, mvua na jinsi nyasi zinavyochipuka. Ilipofika Septemba 2006 dalili zilianza kuonekana. Mnamo Novemba mwaka huo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa onyo kwa nchi za Afrika Mashariki. Onyo halikuja kwa tarishi wa baiskeli. Lilikuja kama maonyo yote ya zama hizi yanavyokuja, kwa barua pepe na viambatisho vyake, yakiwa na ramani za rangi nyekundu na kijani.

Mgonjwa wa kwanza, kama ilivyobainika baadaye, aliugua tarehe 30 Novemba 2006. Katikati ya Desemba, habari za watu wanaokufa kwa homa na kutokwa damu mkoani Kaskazini Mashariki zilifika Wizara ya Afya. Kufikia Desemba 20, vifo vilivyoripotiwa vilikuwa 11. Siku iliyofuata maabara ilithibitisha kwamba ni homa ya Bonde la Ufa. Hadi Machi 12, 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walikuwa wamefariki.

Hebu tulia hapo kidogo, ndugu msomaji. Onyo lilitangulia ugonjwa. Waliolitoa wameandika kwamba lilitangulia kwa muda wa kati ya wiki mbili na sita, kutegemea mahali. Wenyeji nao walikuwa na onyo lao. Watafiti waliokwenda baadaye kuzungumza na wafugaji walikuta kwamba wafugaji hao waliziona mvua, wakayaona makundi ya mbu yasiyo ya kawaida, wakaona mifugo inavyoumwa, na wakaelewa kinachokuja. Kwa wastani, tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi binadamu wa kwanza kuugua zilipita siku 17 na nusu. Lakini tangu mnyama huyo wa kwanza kuugua hadi idara ya mifugo kuchukua hatua ya kwanza, ilipita karibu miezi miwili.

Miezi miwili ni muda mrefu mno kwa ugonjwa huu. Hakuna dawa maalumu iliyoidhinishwa ya kumtibu binadamu aliyeambukizwa. Chanjo ipo ya mifugo, nayo inafaa kutolewa mapema, kabla ugonjwa haujaanza kuenea. Ugonjwa ukishaingia bomani, sindano ile ile inayopita kutoka kwa mnyama hadi mnyama inaweza kusambaza virusi. Kinachobaki ni karantini, kupiga marufuku uchinjaji, na kulifunga soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya mifugo katika eneo hili la Afrika. Hayo ndiyo yaliyotukia mapema mwaka wa 2007. Soko likafungwa, na familia ambazo hazina mshahara wala shamba zikakosa fedha za unga na za karo.

Sasa nieleweke vizuri. Sisemi kwamba watu 155 walikufa kwa sababu kuna afisa ambaye hakufungua barua. Barabara zilikuwa zimekatwa na maji, fedha za dharura hazikutolewa kwa wakati, magari yalikuwa machache, na kuna mahali ambapo hata helikopta ilihitajika. Mtu anayelaumu kompyuta kwa hayo yote anawaonea wanaoitumia.

Ninalosema ni kwamba onyo la 2006 lilikuwa na udhaifu ule ule uliokuwa katika barua ya mpwa wa mzee wa Ijara. Lilimweleza msomaji habari, halikumpa kazi. Lilisema hatari imepanda, halikusema nani aamke, aende wapi, afanye nini na kwa fedha za nani. Wataalamu walioketi baadaye kuchunguza kilichokwenda mrama waliona hivyo pia, na wakatunga mwongozo unaofuata hatua kwa hatua: utabiri ukitolewa fanya hili, mvua kubwa ikianza fanya lile, mbu wakizidi, mnyama wa kwanza akiugua, binadamu wa kwanza akiugua, kila hatua na kazi yake. Mwongozo huo haupangi habari kwa jina la aliyeileta wala kwa mada yake. Unazipanga kwa kazi zinazodaiwa.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siri nzima ya kukitunza kisanduku cha barua pepe, na ajabu ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume chake.

Mwangalie mtu wa ofisini anapoamua, labda Januari, kwamba mwaka huu atakuwa nadhifu. Hutengeneza majalada ndani ya kompyuta: la wizara, la kaunti, la mashirika, la Dadaab, la familia. Huketi siku nzima akigawa barua kama karani wa posta. Mwezi wa tatu amechoka, na barua zinalundikana upya. Watafiti wa kampuni ya IBM walichapisha mwaka wa 2011 uchunguzi kuhusu watu 345 na majaribio yao zaidi ya 85,000 ya kuitafuta barua ya zamani. Waliopitia kwenye majalada walitumia karibu dakika moja kwa kila jaribio. Walioandika neno katika nafasi ya kutafutia walitumia kama sekunde 17, na hawakufaulu kidogo kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba zile siku za kugawa barua katika majalada zilikuwa hasara, kama mtu anayepanga kuni kwa urefu kabla ya kuzitia motoni.

Lakini hata huko kutafuta kwa maneno kuna sharti lake. Ni lazima barua iwe na maneno ya kutafutwa. Barua yenye kichwa "Ripoti" haitafutiki. Ile ya mpwa wa mzee ingeandikwa "Mbuzi wanaharibu mimba, mchungaji ana homa, Ijara, daktari wa mifugo afike", isingehitaji kufunguliwa ili ieleweke. Afisa angeiona akiwa amesimama na chai mkononi. Hili haligharimu kaunti hata shilingi moja, na nashangaa kwamba katika semina nyingi za Naivasha na Mombasa ambazo wahudumu wetu huitwa, sijasikia hata moja iliyowafundisha watu kuandika kichwa cha barua.

Kisha kuna jambo la nakala. Siku hizi mtu akiandika barua huipeleka kwa watu 18 kwa pamoja ili asije akalaumiwa kwamba hakumwarifu fulani. Kila mmoja wa hao 18 huona majina ya wenzake 17 na hujiambia kwamba bila shaka mmojawao atashughulika. Jioni hufika na hakuna aliyeinuka. Kama barua inamtaka mtu atende, iandikwe kwa mtu mmoja mwenye jina, na wengine wapewe nakala wakijua kwamba wao ni mashahidi tu.

Nimewahi kuwauliza maafisa kadhaa kwa nini barua nzito hukaa bila kufunguliwa ilhali za kipuuzi hujibiwa papo hapo. Jibu la kweli nililipata kwa mmoja ambaye amekwisha staafu. Alisema barua inayoitisha uamuzi mgumu huonekana kabla haijafunguliwa, na mkono hukataa. Ukiifungua umekwisha jua, na ukijua utaulizwa. Fikiria mtu anayeletewa habari kwamba mbuzi sita wameharibu mimba. Akilipeleka jambo juu, soko linaweza kufungwa na wafanyabiashara watamjia juu. Ikigunduliwa kwamba ni ugonjwa mwingine, atachekwa. Akiiacha barua ikae na alama yake ya kutosomwa, bado hajakosa. Kwa hiyo lundo lile la barua 11,000 si uvivu mtupu. Ndani yake mna woga pia, na woga hauondolewi kwa kununua kompyuta mpya. Huondolewa na mwongozo unaomwambia afisa kwamba akiletewa habari ya namna hii wajibu wake ni huu, na hatalaumiwa kwa kuutimiza hata kama habari itageuka kuwa si kweli.

Kuna wakati barua za namna hii zilikuwa adimu kama mvua. Katika miaka ya 1990, shirika la SatelLife la Marekani, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa likiwatumia madaktari wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, habari za tiba kupitia setilaiti ndogo. Moja ya setilaiti hizo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka wa 1993. Ilipita juu ya bara mara chache kwa siku, ikamwaga barua zake na kuchukua nyingine, ikaenda zake. Daktari aliyepata barua tatu aliisoma kila moja hadi nukta ya mwisho. Siwatamani watu warudi huko, lakini naikumbuka heshima ile ya barua.

Upande wa pili wa jambo hili ni afya ya huyo anayezipokea. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn waliwachukua watu 124, wakawaambia kwa wiki moja wafungue barua pepe mara tatu tu kwa siku, na wiki nyingine wafungue kila wapendapo. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2015, yalionyesha kwamba katika wiki ya mara tatu watu hao walikuwa na msongo mdogo wa mawazo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Gloria Mark na wenzake huko California waliwafungia barua pepe wafanyakazi 13 kwa siku tano wakipima mapigo ya moyo wao. Msongo ulipungua. Watu 13 ni wachache, nakubali, lakini kila mtu aliyewahi kuamshwa saa nane za usiku na mlio wa simu atakuwa wa 14.

Ushauri wa mara tatu kwa siku ni mzuri kwa mtu wa Nairobi. Kaskazini mashariki unahitaji kurekebishwa. Afisa anayekwenda Hulugho au Balambala anaweza kukaa siku kadhaa bila mtandao wa kutegemewa. Anaporudi mjini, simu yake hutetemeka mfululizo mfukoni: barua za siku nne, arafa, na jumbe za WhatsApp kutoka katika makundi ambayo ndani yake matangazo ya mazishi, dua za Ijumaa, picha za harusi na habari ya mtoto mwenye surua huja kwa mkupuo mmoja. Mtu huyo hawezi kuambiwa ajigawie vipindi. Anachohitaji ni mwenzake aliyebaki ofisini ambaye tayari amezipitia, akatenga zile za kutenda.

Na mwenzake hawezi kuzipitia kama zinakwenda kwenye anwani ya mtu binafsi. Hapa naomba wakuu wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wanisikilize. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, wahudumu wengi wamehamishwa, wamepandishwa cheo, wamehamia mashirika au wamestaafu. Mhudumu wa kijijini anaendelea kutuma habari kwenye anwani aliyopewa, ambayo ni ya bwana fulani, na bwana huyo sasa anakula mshahara kwingine. Barua inafika salama, inafika mahali pasipo na mtu. Habari ya ugonjwa inapaswa kuwa na anwani ya ofisi, yenye zamu kama wodi ilivyo na zamu. Muuguzi wa usiku hawezi kwenda nyumbani bila kumkabidhi mwenzake wagonjwa. Kwa nini anayepokea habari za milipuko aondoke Ijumaa na ufunguo mfukoni?

Zamu hiyo pia ndiyo itakayompa afisa usingizi. Ufaransa ina sheria tangu Januari 1, 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa na jumbe za kazi nje ya saa za kazi. Hapa kwetu, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka mswada wa namna hiyo mwaka wa 2022, na waajiri wakaupinga. Mimi naunga mkono shabaha yake, lakini nakiri kwamba mtu wa kushughulikia milipuko ya magonjwa hawezi kuzima simu yake akaenda zake kulala. Anaweza kuizima tu akijua kwamba ya mwenzake imewashwa.

Msije mkafikiri haya ni ya Garissa peke yake. Jirani yangu hapa Nairobi, fundi wa cherehani, alipimwa sukari katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, akaambiwa majibu atatumiwa kwa barua pepe. Aliwapa anwani aliyoandikiwa na kijana wa duka siku aliponunua simu, kwa kuwa simu haikukubali kufunguka bila anwani. Hakuwahi kuifungua tangu siku hiyo, wala hakujua neno la siri. Majibu yalikaa humo wiki sita pamoja na matangazo ya viatu. Sukari ilikuwa juu. Kama unayo anwani ya namna hiyo, msomaji, waombe leo wakupigie simu badala yake, au mpe mwanao kazi ya kukufungulia. Matangazo ya viatu nayo yana mahali pa kubonyeza chini kabisa, kwa maandishi madogo, pa kuyakataa yasije tena. Dakika kumi za kubonyeza hapo zina faida kuliko siku nzima ya kutengeneza majalada.

Homa ya Bonde la Ufa haijaondoka. Ilionekana tena Wajir mwaka wa 2018. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 iliwaua watu 11 katika kaunti za Isiolo na Mandera, nao wengi wa waliougua walikuwa wachungaji. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliyoufanya mji wa Garissa kama kisiwa yalituonyesha jinsi mabwawa yanavyojaa upesi. Mvua za deyr huja kila Oktoba, na kila zinapokaribia utabiri hutumwa. Ningependa kujua, kabla ya wingu la kwanza, ni nani kwa jina atakayeufungua katika kila kaunti, na ni nani atakayeufungua siku ambayo huyo wa kwanza yuko msibani.

Nirudi kwa mzee wa Ijara. Kabla hajaondoka aliuliza safari nyingine mpwa wake aandike kwa nani, maana hawezi kupanda lori kila mbuzi anapougua. Daktari alifikiri kidogo. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika namba mbili za simu, yake na ya karani, na chini yake anwani mpya ambayo walikuwa wameifungua dakika hiyo hiyo, yenye jina la ofisi. Mzee aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, akauliza lori la kurudi Masalani linaondoka saa ngapi.